Mkataba Usiosomeka Ni Kikwazo kwa Mkulima Mdogo

Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, walinena wahenga. Lau wangaliishi zama zetu, yamkini wangaliongeza kuwa kati ya mkulima na mlaji pana mkataba, na aghalabu mkulima hajausoma.

Mwaka jana, wakati wa likizo, nilimzuru mjomba wangu huko Kirinyaga. Yeye hulima mishiri, yale maharagwe machanga yanayoliwa pamoja na maganda yake, na ambayo husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Shamba lake ni robo ekari. Nilimkuta akiwalisha ng'ombe mishiri kutoka kwa makreti matano yaliyorudishwa na mnunuzi. Karo ya muhula ilikuwa imo katika makreti hayo.

"Mpwa wangu, wewe ni daktari wa lugha," aliniambia huku akinikabidhi karatasi nne zilizobanwa pamoja. "Hebu niambie, humu ni nani aliyeyakataa mazao yangu?"

Nilizisoma mara mbili. Zilikuwa za Kiingereza, na kila palipotajwa adhabu, kitenzi kilikuwa katika kauli ya kutendwa: mazao yatakataliwa, bei itarekebishwa, gharama itakatwa. Mtendaji hakutajwa popote. Ni nani atakayekataa? Atatumia kipimo gani? Mkulima asiporidhika atalalamika wapi? Sarufi ilikuwa imemficha mwenye uamuzi, na chini yake mjomba alikuwa ametia sahihi.

Sisemi kwamba masharti ya soko la nje hayana msingi. Mlaji wa Ulaya ana haki ya kula chakula kisichomdhuru. Mwaka wa 2013 Umoja wa Ulaya uliagiza asilimia 10 ya shehena za mishiri na njegere za maganda kutoka Kenya zipimwe, kwa sababu ya mabaki ya dawa za wadudu. Kwa dawa zisizowekewa kiwango mahususi, mabaki hayaruhusiwi kuzidi miligramu 0.01 katika kilo moja ya mazao; yaani gramu moja katika tani 100!

Mkulima anayepima dawa kwa kifuniko cha chupa ataufikiaje usahihi huo, asipofafanuliwa waziwazi kwamba sharti siku kadhaa zipite baina ya kunyunyiza na kuvuna, na kwa nini? Nayo mishiri haimngoji mtu. Ikianza kuzaa, huchumwa kila baada ya siku mbili tatu. Ikichelewa hunenepa, na ile ya daraja la juu kabisa haipaswi kuzidi unene wa milimita 6. Mkulima amebanwa kati ya dawa inayomtaka asubiri na zao linalomtaka aharakishe.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya yote ni mkulima kujifunza Kiingereza. Hoja hiyo haina mashiko. Kiingereza cha mikataba huwatatiza hata waliohitimu vyuo vikuu. Isitoshe, Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumlinda mkulima wa robo ekari ni rasmi kwa nani?

Nami sina budi kukiri kosa langu. Kwa miaka mingi nimefundisha kauli ya kutendwa kwa sentensi za chakula kilicholiwa na mtoto na mpira uliopigwa na Juma. Sijawahi kuwapa wanafunzi wangu mkataba wa mkulima waufasiri, wala kuwauliza mtendaji amekwenda wapi. Walimu wenzangu, tulijaribu zoezi hilo. Nanyi wanafunzi, mkienda likizoni, ombeni kuziona karatasi walizotia sahihi wazazi wenu.

Mjomba hakulipwa chochote kwa makreti yale. Hata hivyo, tuliketi jioni mbili tukaufasiri mkataba wote kwa Kiswahili. Msimu huu, kabla ya kutia sahihi, kikundi chake kimemwandikia mnunuzi swali moja: nani atakayekataa? Jibu wangali wanalingoja.