Kivuli si weusi: Somo la kwanza kwa wanaochora kwa kompyuta

KIJANA anayejifunza kuchora kwa kompyuta hukumbana mapema na fumbo. Ameuchora uso wa mamake kwa makini, macho na pua vikakaa mahali pake. Lakini mara anapoongeza vivuli, uso unageuka kana kwamba umepakwa masizi.

Aghalabu kosa si la kifaa wala la programu. Ni la kudhani kuwa kivuli ni rangi nyeusi inayoongezwa juu ya rangi nyingine.

Kivuli ni mahali ambapo mwanga mkuu haufiki. Hata hivyo, mahali hapo hupokea mwanga hafifu kutoka angani, ukutani au ardhini. Mtu akisimama nje mchana, upande wake ulio kivulini huchukua usamawati wa anga, na chini ya kidevu huweza kuingia wekundu wa udongo. Kwenye ngozi nyeusi, mng'aro huo hujitokeza waziwazi zaidi. Anayepaka nyeusi tupu huufuta wote.

Njia ya kujinasua ni kongwe. Baadhi ya wachoraji wa Ulaya wa karne zilizopita walianza picha kwa kijivu pekee, wakapanga mwanga na giza, ndipo wakapaka rangi nyepesi juu yake.

Anza na tufe. Amua mwanga unatoka wapi, kisha utafute sehemu tano: panapometa, palipoangazwa, palipokolea giza, ukingo unaopokea mwanga unaorudi kutoka chini, na kivuli kinachoangukia meza. Mwanga unaorudi usizidi kamwe ule wa upande ulioangazwa.

Tufe likikubali, geukia uso. Programu kama Krita na GIMP, ambazo hazilipiwi, humwezesha mchoraji kuweka tabaka juu ya tabaka. Paka rangi ya ngozi kwenye tabaka la chini, na vivuli kwenye la juu lililowekwa katika hali ya kuzidisha. Hapo programu huzidisha thamani za rangi hizo mbili, nyeusi ikihesabiwa 0 na nyeupe 1. Kwa hivyo nyeupe haibadilishi kitu, ilhali nyeusi humeza kila kilicho chini yake. Chagua zambarau au hudhurungi iliyofifia.

Chunga kingo pia. Kivuli kinachoanguka huwa na ukingo mkali karibu na kitu, kisha hulainika kadiri kinavyokwenda mbali. Anayelainisha kila mahali hupata uso ulio kama puto.

Asiye na kompyuta asikate tamaa. Yai moja dirishani, penseli na karatasi vinatosha kufunza macho, na papo kwa papo kamba hukata jiwe. Siku atakapopewa kazi ya kupamba kitabu cha watoto, msomaji wake mdogo ataona humo uso unaofanana na wake.