Mtoto Aliyezaliwa Mlegevu

Hutukia mtoto akazaliwa na umbo lililotimia na macho yenye kuangaza, lakini mwili wake ukawa mlegevu. Ukimnyanyua kwa makwapa huteleza mikononi, shingo haisimami ijapo miezi mitano imekwisha pita, kilio chake ni kidogo, na akinyonya huchoka upesi. Hapo majirani hawakosi la kusema. Huyu atasema ni shetani, yule atasema ni jicho la hasidi, na mwengine atamtazama mama kwa lawama, kana kwamba yeye ndiye aliyemdhuru mwanawe.

Ulegevu huu una sababu nyingi, na baadhi yake zatibika iwapo mtoto atafikishwa kwa daktari mapema. Mojawapo ni maradhi ya misuli ya kuzaliwa nayo. Mwaka 1956 madaktari wawili, Shy na Magee, waliandika khabari za jamaa moja iliyokuwa na udhaifu huo tangu utotoni. Walipotazama kipande cha msuli kwa darubini, waliona katikati ya nyuzi zake si sawa. Mwaka 1960 Fukuyama wa Japani akaeleza aina nyingine. Leo aina nyingi zinajulikana, na mara nyingi kipimo cha damu huonyesha kasoro yenyewe katika urithi.

Na urithi huo si wa mama peke yake. Katika nyingi ya aina hizi baba na mama, wote wazima, kila mmoja huchukua kasoro moja iliyojificha, na mtoto akizipokea zote mbili ndipo huugua. Kila mimba ina fungu moja katika manne la kutukia hivyo. Wala asidhani mtu kwamba akipata mmoja mgonjwa basi watatu wafuatao watasalimika. Hesabu huanza upya kila mara. Aina nyingine hutoka kwa mzazi mmoja, au huzuka mpya kabisa. Basi mume amwachaye mkewe kwa sababu hii amemdhulumu, na huenda nusu ya kasoro ni yake mwenyewe.

Kumwoa binti ami ni halali, hatusemi vingine. Lakini si faradhi, na watu wa damu moja huwa karibu zaidi kuchukua kasoro ile ile. Nyumba iliyokwisha pata mtoto kama huyu na imwulize daktari kabla ya kupeana posa tena.

Dawa ya kuyaondoa maradhi haya haijapatikana, lakini mengi hufanyika. Viungo hunyooshwa taratibu kila siku visikakamae, kama afundishavyo mtaalamu, si kwa kukandwa kwa nguvu. Kikohozi kisipuuzwe, kwani misuli ya kifua ni dhaifu. Asinyweshwe kwa nguvu uji, dawa, wala kombe. Atapaliwa, na kilichoingia mapafuni chaweza kumwua. Wengi wao akili zao ni timamu, basi wabebwe wapelekwe chuoni wakasome na wenzao.

Liko jambo moja ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Baadhi ya maradhi haya hayapatani na dawa fulani za usingizi: mwili hupanda joto ghafla, misuli ikakaza, na mgonjwa akawa katika khatari ya kufa. Mtoto akipelekwa hospitali kutahiriwa au kupasuliwa, daktari wa usingizi aambiwe kabla. Na kwa kuwa kasoro hiyo yaweza kuwamo katika jamaa, hata baba, mama na ndugu wazima nao waseme, siku watakapohitaji kupasuliwa.