Mwiko si Kinyago: Majina ya Vyombo vya Mti Ukambani

Katika maduka mengi ya Nairobi na Mombasa, mwiko uliochongwa Ukambani huwekwa pamoja na twiga na simba wa mti, na vyote huitwa vinyago. Jina hilo halikifai chombo. Kinyago ni sanamu au sura ya kutisha iliyohusiana na ngoma za unyago; mwiko ni wa kusongea na kupakulia chakula.

Kihistoria, chombo kilitangulia sanamu. Wakamba wa Kitui na Makueni walichonga miiko, vinu, michi na vigoda vya nyumbani kabla ya biashara ya sanamu kuanza. Biashara hiyo huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, ambaye husimuliwa kuwa alijifunza kuchonga kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914-1918). Kukiita chombo kwa jina la sanamu ni kumpa mzazi jina la mtoto.

Neno mwiko lenyewe lastahili kuchunguzwa. Limo katika Kiswahili na katika Kikamba pia, na ni la urithi wa Kibantu. Katika Kiswahili, kijiko huelezwa kuwa ni udogo wa mwiko, kama vile kijiti kilivyo udogo wa mti, na kijito udogo wa mto. Upawa na kata, kwa upande mwingine, ni maneno ya nchi ya minazi, kwani kwa desturi vyombo hivyo hufanywa kwa kifuu cha nazi. Katika nchi kavu ya Kitui, kazi hiyo ilikuwa ya kibuyu na mti. Basi mwenye kufasiri jina la chombo cha Kikamba kwa neno upawa hutaja matumizi tu, na kuupotosha umbile lake.

Msamiati wa karakana nao una mafunzo. Gogo hukatwa kwa shoka, hupewa umbo kwa tezo, ambayo Wakamba huiita ngomo, kisha hulainishwa kwa kisu na msasa. Msasa kwa asili ni mti wenye majani ya kukwaruza. Karatasi ya dukani ilipochukua kazi ya jani, ilirithi na jina. Huo ndio mwendo wa neno lililo hai: hufuata kazi.

Hatari iliyopo ni kwamba kazi inabadilika upesi. Mpingo na muhugu vimepungua kwa kukatwa mno, na wachongaji wengi wamegeukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Wanunuzi wa ng'ambo nao huagiza jozi za kupakulia saladi, ambazo mara nyingi hutajwa kwa Kiingereza. Hapana haja ya kukopa. Kama chuja ilivyozaa kichujio, pakua yaweza kuzaa kipakulio. Na jozi hiyo yaweza kuitwa vipakulio vya kachumbari.

Hata hivyo, istilahi iliyoundwa mezani haitoshi. Yapasa mtunzi wa kamusi aende Kitui na Makueni, aketi na mchongaji, aandike jina la kila chombo, kila sehemu yake na kila pigo la tezo, katika Kikamba na katika Kiswahili. Mti uliokatwa waweza kupandwa tena. Neno lililokufa pamoja na fundi wake halina mbegu.