Unahama Bariadi kukimbia kodi? Itakukuta hata Mwanza!

Wiki hii tuweke mapenzi pembeni kidogo tuongelee noti, maana bila noti hata hayo mapenzi yenyewe hayafiki mbali.

Pale kijiweni karibu na stendi ya Bariadi kuna mjadala umekuwa wimbo wa kila jioni. Mshikaji wangu mmoja, tuliyemaliza naye fomu foo, ana frem ya kuuza nguo na viatu, na ameapa kwamba mwaka huu hauishi kabla hajahamia Mwanza. Sababu? Kodi! Anadai Bariadi wanakamua kupita kiasi, kuna mtu kamdanganya kwamba Mwanza mambo ni laini. Huku nyuma anamwacha mama yake mzazi peke yake, na anamwacha binti ambaye ameshamtolea nusu ya mahari. Nusu, sio yote. Wazee wa Kisukuma wanaijua hesabu ya ng'ombe, kwa hiyo hapo kasheshe lipo njiani.

Siku ile tunabishana, dogo mmoja akachomekea ya Marekani. Akasema huko watu wanahama jimbo kwa ajili ya kodi tu. Ni kweli bwana. Texas na Florida hazitozi kodi ya mapato ya jimbo, wakati California inatoza, na matajiri wakubwa kule hukatwa zaidi ya asilimia 13 juu ya ile ya serikali kuu. "Sasa kwa nini na sisi tusichague?" akauliza. Kijiwe kizima kikamuunga mkono.

Kwa nini usichague? Kwa sababu hapa Bongo kodi kubwa kubwa hazina mkoa. Chukua mwenye ajira. Tuseme unalipwa laki tano kwa mwezi, ukakatwa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, ikabaki laki nne na nusu. Shilingi 270,000 za mwanzo haziguswi. Zilizobaki ni 180,000, unakatwa asilimia 8, yaani 14,400. Ukae Bariadi, ukae Mwanza, ukae Dar karibu na bahari unapigwa upepo, ni 14,400 ile ile.

Mshikaji wangu yeye hana bosi, kwa hiyo nilichukua kalamu tukakaa chini. Kwa siku anauza wastani wa shilingi 20,000. Anafungua siku 26 kwa mwezi, kwa mwaka inakuwa milioni 6.24. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Aliye kati ya milioni 4 na 7 analipa 100,000 kama hana kumbukumbu, na kama anaandika mauzo yake vizuri anatozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwake inakuwa 67,200. Yaani daftari la shule, lile la kurasa 96, linamwokolea 32,800 kwa mwaka, na yeye hana daftari! Anaandika madeni kwenye maboksi ya viatu, boksi likiuzwa na deni limeondoka.

Sasa tumpeleke Mwanza. Tuseme mambo yamemnyookea, anauza 35,000 kwa siku. Kwa mwaka ni milioni 10.92. Hapo ameingia kundi la milioni 7 hadi 11: bila kumbukumbu ni 250,000, akiwa na kumbukumbu ni 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7, jumla 207,600. Kodi imepanda kwa 140,400. Lakini haikupanda kwa sababu ya Mwanza. Imepanda kwa sababu ameuza zaidi, na angeuza hivyo hivyo Bariadi angelipa hivyo hivyo.

Kinachomnyonya Mwanza ni kitu kingine kabisa. Frem ya hapa analipa 50,000 kwa mwezi. Ile aliyoonyeshwa Mwanza ni 150,000, na wanataka miezi sita mkononi. Tofauti ni milioni 1.2 kwa mwaka. Hapa analala kwa mama, kule chumba ni 40,000, kwa mwaka 480,000. Jumlisha: milioni 1 na laki 6 na 80 elfu, dhidi ya kodi ya laki moja na ushee. Nikamwambia, "Mshikaji, wewe humkimbii TRA, wewe unamkimbilia mwenye nyumba!" Akacheka, lakini ile ya kinafiki.

Sisemi kwamba kila kitu kinalingana. Ada ya leseni ya biashara inategemea uko wapi: jijini ni juu, ukishuka kwenye mji inapungua, kijijini inapungua zaidi. Kodi ya pango la ardhi nayo, ukiwa na kiwanja kilichopimwa, inaangalia mahali, ukubwa na matumizi. Halafu kuna ushuru wa soko, ambao kila halmashauri inautungia sheria ndogo yake. Hapo ndipo machinga walipokuwa wakitolewa jasho, hadi Desemba 2018 Rais Magufuli alipotoa vile vitambulisho vya 20,000 kwa wenye mauzo chini ya milioni 4 ili wasibughudhiwe na ushuru wa kila siku. Ukienda mji mgeni, kabla hujakodi frem, pita ofisi ya biashara ya halmashauri uulize hizo ada. Kuuliza ni bure.

Kodi ya jengo ndiyo inayonichekesha. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikawa 1,500. Nyumba ya chini ya Masaki yenye bustani na mbwa wawili inakatwa sawa na nyumba ya bati ya hapa Somanda! Na mwenye kununua umeme ni nani? Mpangaji. Serikali ilisema mpangaji na mwenye nyumba wamalizane wenyewe. Nani kati yenu ameshawahi kumalizana na baba mwenye nyumba akashinda? Nyumba za udongo na za nyasi zimesamehewa, huko vijijini Itilima na Meatu wengi wanapumua.

Lakini kuna zama ambazo mshikaji wangu angekuwa na hoja, na ushahidi ninao nyumbani. Nilimuuliza mjomba. Yeye alikuwa kijana miaka ya 1990, wakati wa kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliendelea kuiita kodi ya kichwa. Ile ya zamani ilikuwa imefutwa mwaka 1969, halmashauri ziliporudishwa miaka ya 1980 ikaja hii, kila mtu mzima alipe, uwe na kazi usiwe nayo. Na kiwango kilipangwa na halmashauri yenyewe. Kwa hiyo ukivuka mpaka wa wilaya, umevuka na bei ya kichwa chako.

"Mjomba, sisi tulilala kwenye pamba," ananiambia. "Mgambo wanakuja saa kumi alfajiri. Huna risiti, wanachukua mbuzi, wanachukua baiskeli. Mimi nilikimbilia kwa dada yangu wilaya nyingine miezi minne. Kule nako wakanidai risiti."

Sio huku tu. Kule Arumeru mwaka 1998 halmashauri ilipandisha kodi hiyo wananchi wakaigomea, kikawa kizaazaa cha nchi nzima. Mwaka 2003 serikali ikaifuta kabisa, pamoja na utitiri wa ushuru mdogo mdogo. Sisi tuliokuwa watoto au hatujazaliwa hatujui tulichoponea. Ushuru wa mazao nao ukawekewa ukomo wa asilimia 5, na mwaka 2017 ukashushwa: 3 kwa mazao ya biashara, 2 kwa chakula. Anayelipa ni mnunuzi, ingawa mkulima wa pamba atakuambia anauona kwenye bei. Maswa ni asilimia 3, Busega ni asilimia 3, hakuna wa kumkimbia mwenzake.

Ukitaka tofauti ya kweli ndani ya Tanzania, panda boti. VAT ya Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18, Zanzibar ni 15. Ndiyo maana kwa miaka mingi waliorudi na TV mpya walikuwa wakibanwa bandarini Dar walipe tofauti, hadi ikawa moja ya kero za Muungano. Lakini kutoka Bariadi hadi Unguja kwa ajili ya asilimia 3, nauli tu imeshakumaliza.

Na hapo kwenye nauli ndipo Simiyu tunapoumia bila kujua. Kila mwezi EWURA inatangaza bei kikomo za mafuta kwa kila mji, na Bariadi hatujawahi kulingana na Dar, maana lita imesafiri. Bidhaa nazo zimesafiri. Tuseme mabati kabla ya VAT ni laki moja Dar, VAT ni 18,000. Yakifika huku yamebeba nauli yakawa 110,000, na muuzaji amesajiliwa, VAT ni 19,800. Kiwango ni kile kile, lakini unalipia kodi mpaka umbali! Hili mshikaji wangu hakuwa analijua, na nilipomwambia akanyamaza kidogo, akauliza kama Mwanza mabati ni rahisi. Ni rahisi kidogo. Ila yeye hauzi mabati.

Tulichokubaliana ni hiki: Jumamosi ataenda Mwanza, atakaa jirani na ile frem kutwa nzima, ahesabu wateja wanaoingia na wanaotoka na mfuko mkononi. Kama hawafikii wale wa kumpa 35,000 kwa siku, arudi amalizie mahari. Daftari nimemnunulia mimi. Majibu ya Mwanza nitawaletea wiki ijayo.