Je, Wajua? Damu ya Ng'ombe, Fuko wa Mtito Andei na Siri ya Saratani

Wafugaji wa Kimaasai, kama hawa wetu wa Mashuuru, wana desturi ya kale ya kutoa damu ya kunywa bila kuchinja. Ng'ombe hufungwa kamba shingoni mpaka mshipa utune, kisha hufumwa kwa mshale wenye kizuizi karibu na ncha usije ukazama. Damu hukingwa kwa kibuyu, tundu huzibwa, mnyama hurudi malishoni. Wiki chache baadaye damu ile imerudi yote. Je, wajua hutoka wapi? Kwenye uboho wa mifupa. Humo mna seli chache ziitwazo seli shina: zikigawanyika, baadhi hubaki shina, nyingine hukomaa zikawa damu.

Saratani hutaka uwezo huohuo. Mwaka 1994 kikundi cha John Dick, mjini Toronto, kilionyesha kwamba katika aina moja ya saratani ya damu si kila seli inayoweza kuanzisha ugonjwa upya ikipandikizwa kwa panya. Ni chache tu, na zinafanana na seli shina. Dawa ikiua maelfu na kuziacha hizo, ugonjwa waweza kurudi.

Je, wajua pia kwamba Kampala imo katika habari hii? Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago mjini humo, aliandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto. Baadaye iligundulika kwamba katika saratani hiyo jeni ya MYC, inayochochea seli kugawanyika, imehamishwa kutoka mahali pake, ikabaki imewashwa. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alitumia jeni nne kurudisha seli zilizokomaa za panya kuwa seli shina. Mojawapo ni MYC ileile!

Lakini anayenivutia kuliko wote ni jirani yetu. Toka Mashuuru, shika barabara ya Mombasa, pita Emali, Makindu na Kibwezi. Mtito Andei utaona vichuguu vidogo vikirusha vumbi kama moshi. Chini yake yuko fuko asiye na manyoya, ngozi ya waridi yenye mikunjo, meno yamechomoza nje ya midomo, akisukuma udongo kwa miguu ya nyuma. Panya wa kawaida huishi miaka miwili au mitatu. Huyu aweza kupita 30, na saratani kwake ni nadra mno.

Seli shina zilizotengenezwa kwa njia ya Yamanaka, za mtu au za panya, zikipandikizwa ndani ya panya huota uvimbe wenye mchanganyiko wa gegedu, misuli na neva. Mwaka 2016 wanasayansi wa Japani walizitengeneza kutoka kwa fuko huyu, wakazipandikiza, na uvimbe haukuota. Jeni yake ya ERAS, ambayo kwa panya huchochea ukuaji huo, ina hitilafu. Nayo jeni ya ARF, mlinzi wa seli dhidi ya saratani, hubaki macho. Na mlinzi huyo akizimwa wakati seli inageuzwa kuwa shina, seli ya fuko haikimbilii kuzaana: huzeeka papo hapo, ikaacha kugawanyika.