Kalamu au Karamu? Sikio Linapokea, Ubongo Unaamua

Sasa unajua kusoma. Tazama maneno haya mawili: kalamu na karamu. Kwa macho huwezi kuyachanganya. Moja lina l, la pili lina r. Kalamu ni ya kuandikia. Karamu ni ya kula wali na nyama. Lakini sasa fumba macho, umwambie jirani yako ataje neno moja kati ya hayo. Je, utajua ametaja lipi? Wengi wetu tutabahatisha tu. Ni hivyo hivyo kwa mahali na mahari, na kwa kula na kura.

Watu huchekana sana kwa jambo hili. Mimi kazi yangu ni ushauri wa kilimo, lakini huwa napita pia kwenye madarasa ya watu wazima. Nimemwona mama mmoja, mkulima hodari wa pamba, akikataa kuchaguliwa kuwa katibu wa kikundi. Kuandika anajua. Ila aliogopa kuchekwa, kwa sababu badala ya "mbolea" huandika "mborea". Wenzake walisema ana ulimi mzito. Ulimi wake hauna kosa lo lote, nami nataka nikueleze kwa nini.

Mtu anaposema, hewa inatikisika. Mtikisiko huo unaingia sikioni na kupiga ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma hiyo kuna vifupa vitatu vidogo sana. Vifupa hivyo vinapeleka mtikisiko ndani zaidi, mahali palipojikunja kama nyumba ya konokono, penye maji. Humo mna vinyweleo vidogo mno, havionekani kwa macho. Vikiyumba, mishipa ya fahamu inapeleka habari kwenye ubongo. Kazi ya sikio imekwisha hapo. Kujua kwamba sauti ile ni l au ni r, hiyo ni kazi ya ubongo.

Ubongo hauna nafasi ya kupima kila sauti polepole. Mtu akizungumza kwa kawaida, hutoa sauti kama kumi au zaidi kwa sekunde moja. Kwa hiyo ubongo hufanya kama ufanyavyo wewe unapochambua pamba. Unajua kuna pamba safi na pamba fifi. Iko pia pamba ya katikati, lakini gunia la katikati hakuna. Lazima uitie huku au kule. Ubongo nao una magunia yake ya sauti, na kila sauti inayoingia inatupwa upesi katika gunia moja.

Magunia hayo yanatokana na lugha uliyolelewa nayo. Kikuyu, lugha ya Kenya, haina l katika alfabeti yake. Katika Luganda l na r hupokezana: r hufuata irabu i na e, na kwingine hukaa l. Kijapani kina sauti moja tu ya namna hiyo, nayo si l kamili wala r kamili. Mtu aliyekua na gunia moja atatia l na r humo humo. Sikio lake limepokea tofauti, ila ubongo umeiacha.

Wala tusidhani ni watu fulani tu. Mzee wa Mombasa akimtaja paa wa porini, hutoa pumzi baada ya p. Akitaja paa la nyumba, hatoi pumzi. Weka kipande cha karatasi mbele ya mdomo wake, utaona kinavyopeperuka kwa yule wa porini. Wengi wetu wa bara hatusikii tofauti hiyo hata kidogo, na maandishi ya Kiswahili hayaionyeshi. Hapo wenye gunia moja ni sisi.

Je, mtu huzaliwa hivyo? Hapana. Mwaka 1971 wataalamu wa Marekani waliwapima watoto wa mwezi mmoja na wa miezi minne. Walimpa mtoto chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine, huku akisikilizishwa "ba, ba, ba". Mwanzoni mtoto alinyonya kwa bidii, kisha akachoka. Sauti ilipogeuzwa kuwa "pa", akaanza tena kunyonya kwa bidii. Basi tofauti ameisikia! Tena mwaka 2006 ilitangazwa kwamba watoto wa Japani na wa Marekani wenye miezi sita hadi minane wanalingana katika kutofautisha l na r. Walipofikia miezi kumi hadi kumi na miwili, wale wa Marekani walikuwa wameongeza uwezo, wale wa Japani umepungua. Kabla mtoto hajasema neno la maana, ubongo wake umekwisha shona magunia.

Kwa hiyo zungumza na mtoto mchanga, hata kama hajibu. Na akitoka usaha sikioni, mpeleke zahanati mapema. Usimtie mafuta wala maji ya majani. Mtoto asiyesikia vizuri atashindwa kusema vizuri, na shuleni ataitwa mjinga bure.

Na sisi watu wazima? Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walieleza jinsi walivyowafundisha Wajapani watu wazima kusikia l na r. Walisikilizishwa maneno mawili mawili kwa sauti za watu mbalimbali, na kila wakijibu waliambiwa papo hapo kama wamepata au wamekosa. Kwa wiki tatu tu uwezo wao uliongezeka.

Darasani kwenu mnaweza kufanya hivyo. Msomaji akae nyuma ya wengine, asome neno moja. Wengine waandike walilosikia, kisha aonyeshe kitabu. Wasomaji wapokezane, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana. Anzeni na kalamu na karamu. Mkizoea, jaribuni shindano na sindano, halafu thamani na samani.