Viunganishi vya Kiingereza Katika Kalamu ya Mwandishi wa Kiswahili



Mada ya mhadhara huu ni matumizi sahihi ya viunganishi vya Kiingereza. Huenda wapo watakaojiuliza mada ya namna hiyo inatafuta nini katika taaluma za Kiswahili. Dai langu ni kwamba makosa mengi ya viunganishi tunayoyasahihisha kwa kalamu nyekundu katika insha za Kiingereza yana chanzo chake katika sarufi ya Kiswahili, tena sarufi iliyo timamu kabisa, isipokuwa inafanya kazi ugenini. Anayetaka kuyaondoa makosa hayo hana budi kuanza na Kiswahili.

Suala lenyewe si dogo. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania husoma kwa Kiswahili, na aingiapo Kidato cha Kwanza hutakiwa kueleza jiografia na biolojia kwa Kiingereza. Katika nyanda hizi za kati jambo hilo lina uzito wa ziada. Ukienda Kondoa na Chemba utawakuta wasemaji wa Kirangi, ambacho ni Kibantu, wasemaji wa Kiburunge, ambacho ni Kikushi, na wasemaji wa Kisandawe, lugha ambayo wataalamu hawajakubaliana kuhusu ukoo wake. Kwa wengi wao, kama ilivyo kwa Wagogo wa Bahi na Mpwapwa, Kiingereza ni lugha ya tatu. Hata hivyo, lugha waliyojifunzia kuandika ni Kiswahili, nayo ndiyo inayoongoza mkono.

Vitabu vya kiada kwa kawaida huanza na orodha: “and” ni na, “but” ni lakini, “if” ni kama, “when” ni wakati. Orodha hiyo haisemi uongo, ila inaficha jambo kubwa. Sehemu kubwa ya uunganishaji katika Kiswahili haifanywi na maneno yanayosimama peke yake. Hufanywa ndani ya kitenzi, kwa viambishi kama -ka-, -ki-, -po- na -nge-. Tazama pia asili ya maneno yenyewe. Lakini, au, wala, bali, kama, hata, kabla na baada yote yametoka katika Kiarabu. Tuliyapokea, tukayazoea, na leo hakuna anayeweza kujenga hoja bila hayo. Lakini yalikuta nyumba ambayo tayari ilikuwa na nguzo zake.

Tuanze na -ka-. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiswahili husema: Aliamka, akanawa uso, akaenda shuleni. Akitakiwa kuandika hayo kwa Kiingereza, huandika: “He woke up, wash his face and go to school.” Mwalimu humwambia kwamba hajui wakati uliopita. Sivyo. Kitenzi cha kwanza amekiandika sawasawa katika wakati uliopita. Alichokifanya ni kufuata kanuni ya Kiswahili kwamba kitenzi cha kwanza hubeba njeo kwa niaba ya vyote, na vinavyofuata huunganishwa kwa -ka-, au kwa na pamoja na kitenzi-jina, kama katika alinawa uso na kwenda shuleni. Kiingereza hakina uwakilishi wa namna hiyo. “And” huunganisha vitu vilivyo sawa kwa umbo, kwa hiyo kila kitenzi hujibebea njeo yake: “woke, washed, went”. Upande wa pili, wasomi wetu waliozoea Kiingereza sasa huandika aliamka na akaenda, ambapo na imewekwa juu ya -ka- ambayo kazi yake ni hiyo hiyo. Binafsi siipendi sentensi hiyo, ingawa nakiri kwamba imekwisha kuenea hata magazetini.

Kiambishi -ki- kinatudai tukae nacho zaidi. Mkulima wa Dodoma anasema: Mvua ikinyesha tutapanda mtama. Je, Kiingereza chake ni “If it rains” au “When it rains”? Kiswahili hakimlazimishi kuchagua. -Ki- husema tu kwamba kupanda kunategemea kunyesha. Haisemi kama msemaji ana hakika au ana mashaka. Kiingereza kinamlazimisha. Akisema “when”, ametangaza kwamba mvua itakuja na kinachosubiriwa ni siku tu. Akisema “if”, amekiri kwamba huenda isije. Katika eneo lenye msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na wastani wa milimita zipatazo 570 kwa mwaka, tofauti hiyo si ya kisarufi peke yake. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba -ki- ni “if” hataiona.

Madhara yake hujitokeza pale ambapo msomaji hamjui mwandishi. Chukua kijana anayeomba ufadhili. Moyoni mwake anayo sentensi hii: Nikimaliza masomo nitarudi Kongwa kufundisha. Anaandika: “If I finish my studies I will return to Kongwa to teach.” Kila neno liko mahali pake na hakuna kosa la kuwekewa mstari. Lakini mtoa ufadhili amesoma shaka ambayo kijana hakuwa nayo, kwamba pengine hatamaliza. Kosa hili ni baya kuliko yale yanayoonekana, kwa kuwa hakuna mwalimu atakayelisahihisha.

Kijana huyo huyo, akikwepa -ki- na kutumia -po-, ataangukia shimo jingine. Nitakapomaliza ina njeo ya wakati ujao ndani yake, kwa hiyo huzaa “When I will finish”. Kiingereza hakiruhusu “will” katika kishazi tegemezi cha wakati cha namna hii. Hapa naona Kiswahili chenyewe kinatoa dawa: mwambie mwanafunzi kwamba baada ya “when” na “if” Kiingereza hufuata njia ya nikimaliza, isiyotaja wakati ujao, wala si ya nitakapomaliza. Hali kadhalika -nge-, ambayo Kiswahili huiweka pande zote mbili: ningekuwa na fedha ningenunua shamba. Ndiyo maana husomwa “If I would have money, I would buy”, ilhali Kiingereza hutia “would” upande mmoja tu.

Tabia hiyo ya kutia alama pande zote mbili inaeleza pia kosa linalotajwa kuliko yote: “Although he was sick, but he came.” Katika Kiswahili, ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja ni sentensi inayosikika kila siku, na sikubaliani na wanaoiita ya ovyo. Ingawa huandaa sikio, lakini hulipa ahadi. Wachina nao huunganisha jozi kama hiyo katika lugha yao, na Kiingereza chenyewe kina “though” inayojibiwa na “yet”. Kwa hiyo tusimwambie mwanafunzi kwamba amekosa mantiki. Tumwambie kwamba Kiingereza cha leo huchagua moja: ama “although” mwanzoni, ama “but” katikati.

Nimalizie na jambo linalogusa kazi inayofanyika katika mji huu. Mwaka 2021 Bunge, likiwa hapa Dodoma, lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, hivyo viunganishi vinasafiri sasa kutoka Kiingereza kuja kwetu. Hebu tuzingatie sharti la kubuni kuhusu kiwanja: “The holder shall not sell or sublet the plot.” Katika Kiingereza, “or” iliyo chini ya “not” hukataza yote mawili. Mfasiri anayefuata orodha ya kitabu cha kiada huandika: Mmiliki asiuze au asipangishe kiwanja. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuelewa kwamba ameachiwa achague: asipouza, anaweza kupangisha. Kiswahili kina neno mahususi kwa kazi hiyo, nalo ni wala: asiuze wala asipangishe. Mfasiri asiyeliona pengo kati ya “or” na au anaweza kumpa mtu haki ambayo sheria ilimnyima. Na akigeuza kwa kufuata orodha hiyo hiyo, wala iwe “nor” popote ionekanapo, atapata “shall not sell nor shall not sublet”, ambapo ukanushi umerudiwa na maana imevurugika upya.